Kabla ya kuulizia wastani wa shule, omba daftari

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kuanzia Novemba mpaka katikati ya Januari kazi yangu ni sare za shule tu. Nawashonea watoto wa Ilomba, Iyela, Nzovwe, Uyole, mpaka wa Mbalizi. Mzazi akisubiri zamu ya kupimiwa mtoto hakosi la kusema kuhusu shule yake, na akimaliza huniuliza: "Dada fundi, wewe unaona za shule zote, ipi inafaulisha?"

Siku moja wamama wawili wa shule moja walikutana kwangu. Mmoja alikuwa anaisifia, mwingine anaapa kwamba angekuwa na ada angemtoa mtoto kesho yake. Tulipowauliza vizuri, mmoja mtoto wake yuko darasa la pili A, kwa mwalimu wa siku nyingi anayejua kufundisha kusoma. Wa mwenzake yuko la pili C, mkondo ambao mwalimu wake alikwenda likizo ya uzazi na watoto wakawa wanagawanywa kwenye madarasa ya wengine. Wote wawili walisema kweli. Ndiyo maana swali la "ipi inafaulisha" silijibu tena. Namwonyesha mtu namna ya kuipima shule mwenyewe, na hapa nimeiandika kwa mpangilio ninaoufuata mimi kwa wanangu.

Nawaandikia wale ambao, kama mimi, mtoto anaandikishwa shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na nyumbani na hakuna habari ya kuchagua. Kwa hiyo usisome haya ukitafuta pa kukimbilia. Soma ili ujue shule yako ina udhaifu wapi na umshike nani mkono.

Matokeo ya Baraza

Huwa naanza na matokeo ya darasa la saba kwa sababu hayana gharama: simu na bando la siku moja. Ingia necta.go.tz, tovuti ya Baraza la Mitihani, nenda kwenye matokeo, chagua mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mwaka, kisha Mbeya. Mkoa wetu una halmashauri saba: Jiji, Mbeya Vijijini, Rungwe, Busokelo, Kyela, Chunya na Mbarali. Fungua halmashauri yako, tafuta jina la shule.

Watu wengi huangalia wastani wa shule wakafunga simu. Usifunge. Mtihani una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Mtoto mwenye jumla ya 241 na kuendelea ana daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C, na anayehesabiwa kufaulu ni mwenye A, B au C. Sasa piga hesabu: 121 kati ya 300 ni asilimia arobaini na ushee. Shule inaweza kutangaza kwenye mkutano kwamba "tumefaulisha kwa asilimia mia", wazazi tukapiga vigelegele, kumbe watoto karibu wote wako kwenye C ya chini, na kidato cha kwanza wanakwenda kukutana na masomo yote kwa Kiingereza. Kwa hiyo tazama jedwali la madaraja: A wangapi, B wangapi, C wangapi. Shule ambayo B zake zinaongezeka mwaka hadi mwaka naiamini kuliko yenye asilimia mia ya C.

Kisha tazama idadi ya watahiniwa. Tuseme shule moja ina watahiniwa 28 na wastani wa 205, nyingine ina watahiniwa 190 na wastani wa 168. Ya pili huenda inafanya kazi kubwa zaidi. Baraza lenyewe, enzi za kupanga shule kwa ubora, lilikuwa likitenganisha shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 na zaidi, kwa sababu hazilinganishiki. Mpangilio huo wa shule kumi bora hautangazwi tena tangu mwanzoni mwa 2023, na mimi sioni tulichopoteza. Kilichokuwa kinasumbua ni mzazi wa Isanga kujua shule bora iko mkoa gani wa mbali, halafu hajui ya mtoto wake ina upungufu gani katika Hisabati.

Shuka mpaka kwenye masomo, hapo ndipo penye faida. Kwenye shule zetu za serikali Kiingereza na Hisabati ndiyo yanayovuta wastani chini, Kiswahili kinaubeba. Ukiona shule ambayo Kiswahili nacho kina D nyingi, jua tatizo halikuanzia darasa la saba. Watoto hao hawakujua kusoma vizuri tangu la pili, na hakuna kambi ya miezi mitatu ya kujiandaa na mtihani itakayolimaliza. Ukiona masomo yote yako sawa isipokuwa moja limeanguka, hapo mara nyingi ni habari ya mwalimu wa somo: amehama, amestaafu, au somo limekaa bila mwenyewe. Hilo linatibika, na ni swali halali la kumuuliza mwalimu wa taaluma.

Tazama miaka mitatu kwa uchache, kwa sababu mwalimu mkuu akihamishwa shule inaweza kubadilika ndani ya mwaka mmoja, kwenda juu au kwenda chini.

Halafu kuna hesabu moja ambayo sioni wazazi wakiifanya, na mimi naithamini kuliko zote. Matokeo ya upimaji wa darasa la nne nayo yapo humo humo. Chukua waliofanya la nne mwaka 2022, linganisha na waliofanya la saba mwaka 2025 katika shule hiyo hiyo. Ni watoto walewale. Tuseme la nne walikuwa 140 na la saba wakawa 96. Arobaini na wanne wamekwenda wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, hilo ni la kawaida kwa mji wa biashara. Wapo waliokariri darasa, ingawa hao nafasi yao huzibwa na waliokariri wa mwaka wa nyuma. Lakini pengo likiwa kubwa hivyo, na shule jirani haina, kuna watoto wameacha njiani. Wako kwenye mashamba ya mpunga Mbarali, wanabeba mizigo sokoni, au ni mabinti wa kazi kwenye nyumba za watu. Wastani wa shule unapanda pale wazito wanapodondoka kabla ya mtihani, na ukurasa wa matokeo hauwezi kukuambia hivyo mpaka uufungue na mwingine pembeni.

Daftari

Matokeo yanaeleza habari za watoto walioanza shule miaka saba iliyopita. Wako anaanza Januari. Kwa hiyo tafuta daftari la mtoto wa la pili au la tatu wa shule hiyo, la mtoto wa jirani, mpangaji mwenzako, mtu wa kanisani. Ukiweza, pata mawili ya mkondo mmoja. Nitakuambia kwa nini mawili.

Anza na tarehe. Fungua daftari la Hisabati ufuatilie tarehe za kazi kuanzia mwanzo wa muhula. Utakuta mapengo, usiogope, ila linganisha madaftari mawili. Pengo likiwa kwenye daftari moja tu, ni la mtoto: aliumwa, alitoroka, au alipelekwa shamba viazi vilipokuwa vinang'olewa. Pengo likiwa tarehe zilezile kwenye yote mawili, siku hizo darasa halikufundishwa somo hilo. Wiki moja ni semina au msiba. Mwezi mzima ni jambo la kwenda nalo kwa mwalimu mkuu, na unakwenda ukiwa na tarehe mkononi. Huendi na "nasikia walimu hawafundishi".

Pili, angalia namna linavyosahihishwa. Kuna tiki moja ndefu inayoanzia swali la kwanza na kuishia chini ya ukurasa, kama upindo uliopigwa kwa haraka. Hiyo inaonyesha daftari lilipita mezani tu. Tafuta swali lenye kosa lililowekewa mkasi, ile alama ya X, kisha chini yake masahihisho ya mtoto, kisha tiki ya mwalimu juu ya masahihisho. Ukikuta hatua hizo tatu hata mara moja kwa wiki, mwalimu huyo mshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini tutende haki. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Shule nyingi za jijini kwetu zimezidi hapo mbali sana. Mwalimu mwenye watoto 110, akitoa dakika moja tu kwa kila daftari, ni karibu saa mbili kwa somo moja, na ana masomo mengine, ana zamu, ana maandalio ya kesho. Hawezi kusahihisha kila kitu kila siku na anayekuambia anaweza anakudanganya. Mimi naridhika nikiona kila somo la kusoma na kuhesabu limesahihishwa kwa kweli mara mbili kwa wiki.

Tatu, na hili lifanye na mtoto mwenyewe akiwepo: mwambie akusomee alichoandika. Kuna madaftari mazuri ajabu, mwandiko umenyooka, vyema kila ukurasa, na mtoto hawezi kusoma mstari mmoja wa alichokiandika kwa mkono wake. Anachora maandishi ya ubaoni. Bibi mmoja wa Itezi anayelea wajukuu, ambaye yeye mwenyewe hakusoma, aligundua hilo kwa njia yake. Ujumbe wa simu ukiingia humpa mjukuu mkubwa amsomee, kisha humwita mdogo naye asome uleule. Maneno yakitofautiana, anajua mmoja anabuni. Hakusubiri ripoti ya muhula.

Mpime mwenyewe kwa nusu saa

Wale wa Uwezo, waliokuwa wakipita majumbani kupima watoto, walitumia maswali ya kiwango cha darasa la pili hata kwa watoto wakubwa, na walipanda kwa ngazi: silabi, maneno, aya, hadithi. Fuata ngazi hizohizo. Mtoto anayemaliza la pili anatakiwa asome hadithi fupi asiyowahi kuiona na ajibu maswali mawili juu yake. Asiyowahi kuiona, kumbuka. Hadithi ya kitabu cha darasani ameishaikariri kwa kuisikia ikiimbwa.

Baada ya kusoma, mpe imla. Mimi natumia sentensi za kawaida: "Kaka ameleta gunia la viazi. Mvua ilinyesha jana usiku. Rafiki yangu anapenda uji." Akiandika "lafiki" na "mvula" usimchape, huo ni ulimi wa nyumbani, Nyanda za Juu nzima tunaongea hivyo na wakubwa wamo. Utanyooka akisoma sana. Cha kukutia wasiwasi ni kuruka silabi: "kaka ameta gunya". Huyo hajashika silabi, na la tatu atateseka, kwa sababu huko hafundishwi tena kusoma. Huko anasoma ili ajifunze vitu vingine.

Hesabu mpe tatu. Wa darasa la pili: 43 kutoa 17. Wa la tatu: 6 mara 8, bila vidole. Wa la nne mpe ya maneno: debe la viazi shilingi 9,000, umeuza manne, umelipa usafiri 12,500, umebaki na kiasi gani? Akipata 23,500 yuko salama. Akikosa, mwulize alivyofanya kabla ya kumwambia jibu. Mara nyingi utakuta hesabu anaijua, swali ndilo hakulielewa. Huyo anahitaji kusoma zaidi, twisheni ya Hisabati itakula hela zako bure.

Nasisitiza kupima nyumbani kwa sababu maswali mengi ya darasa la saba ni ya kuchagua herufi. Kwenye kuchagua mtoto anaweza kubahatisha. Kwenye imla habahatishi mtu.

Ripoti ya muhula inavyodanganya bila kusema uongo

"Amekuwa wa 15 kati ya 132." Baba anafurahi, anamnunulia soda. Nafasi haikuambii chochote kama hujui alama. Kuna darasa ambalo wa 15 ana 17 kati ya 50 katika Kiingereza, kwa sababu wote wameanguka. Kwenye ripoti soma alama za kila somo kwanza, linganisha na ripoti iliyopita ya mtoto huyohuyo, nafasi iwe ya mwisho. Na kwa la saba, mtihani wa utamilifu, ule tunaouita moku, uchukulie kwa uzito, kwa sababu shule nyingi zinafanya mtihani mmoja na mwalimu wa mtoto wako hakuutunga.

Kwenda shuleni

Usiende asubuhi watoto wakiwa mstarini, na usimkamate mwalimu mlangoni akiwa na chaki mkononi. Nenda mchana baada ya vipindi, au mpigie upange. Salimia: "Shikamoo mwalimu," hata kama ni binti mdogo aliyeajiriwa juzi, wengi wetu hapa tunawaamkia kwa heshima ya kazi, na haikupunguzii kitu. Kisha usiulize "mwanangu anaendeleaje?" Utajibiwa "anajitahidi," na umerudi nyumbani na neno lile uliloondoka nalo.

Uliza mambo yanayojibika. Amekosa shule siku ngapi mwezi huu, naomba tuangalie kwenye rejista? Somo gani linamshinda na kwenye kipengele gani? Anakaa wapi darasani?

La mwisho linaonekana dogo. Baba mmoja wa bajaji wa Iyunga alinisimulia mtoto wake alivyoanza kushuka akiwa la tatu, akadhani ni utoro. Mwalimu akamwambia: huyu anakaa nyuma, upande wa dirisha lililovunjika. Ilikuwa Juni, na wanaojua Juni ya Mbeya wanajua. Mtoto alikuwa anajikunyata asubuhi nzima na ubao haoni vizuri. Alisogezwa mbele akavalishwa sweta nzito, na baadaye wakampeleka hospitali kupima macho. Hakukuwa na utoro wowote.

Ukiwa hapo zungusha macho. Madawati na walioketi chini utaona mwenyewe. Vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hesabu matundu, gawanya. Kwa mwenye binti wa la sita hilo si suala la usafi tu, ni la mahudhurio.

Swali moja la kumwuliza mwalimu mkuu, kwa upole, ni hili: darasa la kwanza amempa nani? Shule nyingi huweka walimu wao hodari la saba, kwa kuwa huko ndiko wanakopimwa. Mwalimu mkuu anayekuambia kwamba mwalimu wake bora yuko la kwanza, na anajua kwa nini, mshike huyo. Kwangu hilo ni dalili nzuri kuliko wastani wowote.

Hela

Elimumsingi ni bila malipo tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambayo 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndiyo huingia shuleni. Shule ya watoto 900 basi inapata kama 5,400,000 kwa mwaka, yaani 450,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, vifaa vya michezo, vyote humo. Nakuambia haya ili ukisikia ombi la mchango usianze na "si walisema bure?" Uliza la maana zaidi: mchango huu umepitishwa na mkutano gani wa wazazi, na mapato na matumizi yamebandikwa wapi? Shule inatakiwa iyabandike kwenye ubao wa matangazo. Uji wa watoto tukiamua wazazi wenyewe ni jambo jema, na mimi naunga mkono, mtoto mwenye njaa saa nne hasikii kitu. Lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Hilo halijaruhusiwa.

Kambi za la saba sizipendi, nisiseme uongo. Zinawasaidia waliokwisha kuelewa kuzoea mitihani. Asiyejua kusoma anakaa kambini akikariri majibu ya miaka iliyopita. Hela hiyohiyo wazazi tungeilipa kwa masomo ya ziada ya la pili, tungekuwa mbali.

Mkutano na ngazi za kupandia

Mkutano wa wazazi ukiitwa, nenda. Wanaume hasa, maana wanaojaza viti ni sisi wamama na mabibi. Kamati ya shule ina wajumbe wazazi waliochaguliwa, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Wajue wajumbe wa mtaa wako kwa sura. Swali lako liandike, liwe moja, liwe na namba: "Kiingereza la saba mwaka jana wenye D na E walikuwa zaidi ya nusu, mwaka huu kuna mpango gani na nani anafundisha?" Swali la hivyo haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Ukisimama na malalamiko saba, watachagua jepesi wajibu hilo.

Jambo likikwama anza na mwalimu wa darasa, nenda kwa mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu, kamati, afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa msingi wa halmashauri. Ukiruka ngazi utarudishwa chini, na walimu watakuwa wamekwisha kununa. Wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, wako nje ya ngazi hizo, chini ya Wizara ya Elimu. Wakija shuleni wanaandika taarifa, na kamati ina haki ya kuuliza ndani yake kuna nini.

Wenye watoto wa sasa, angalieni 2027

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu. Chini yake elimu ya msingi ni miaka sita, na Kiingereza kinafundishwa kama somo kuanzia la kwanza. Walioanza la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao la saba la mwisho wa utaratibu wa zamani linamaliza. Makundi mawili yanaelekea kidato cha kwanza pamoja. Kama mtoto wako yumo kwenye mojawapo, jipange mapema kwa sare, daftari na nafasi, na matokeo ya shule ya mwaka huo usiyapime kwa rula ya miaka iliyotangulia. Masomo na majina yake yamebadilika, kwa mfano sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira.

Ukiamua kuhamisha

Pima kwanza umbali. Shule yenye wastani mzuri ambayo mtoto anavuka barabara kuu ya Tunduma mara mbili kwa siku kwenye malori yale, mimi simpeleki mtoto wa la pili. Uliza pia darasa atakaloingia lina watoto wangapi, kwa kuwa shule zinazosifiwa ndizo zinazojaa, na utamtoa kwenye darasa la 80 kumpeleka la 130.

Ukisharidhika, hakikisha nafasi ipo kule unakokwenda kabla hujaaga unakotoka. Kila mwanafunzi ana namba ya PReM katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na uhamisho hufanyika kwa walimu wakuu wawili kumhamisha humo, pamoja na barua. Mtoto akianza kusoma shule mpya huku kwenye mfumo bado yuko ya zamani, hesabu kwamba hajahama. Ulizia baada ya wiki kadhaa kama jina limefika, na uone mwenyewe kwamba limeandikwa kama kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kwa la nne na la saba fanya mapema mwanzoni mwa mwaka, kabla usajili wa mitihani haujafungwa. Ukichelewa, siku ya mtihani atafanyia kule jina lake lilikosajiliwa, hata kama sare aliyovaa ni ya kwingine.